Maharage, lektini, na unga wa mjukuu

SWALI: "Habari za kazi, daktari. Mimi ni mama lishe hapa Kirumba, Mwanza, jirani na soko la Mwaloni. Mboga yangu ya kila siku ni maharage, maana samaki siku hizi bei haishikiki. Wiki hii mteja wangu mmoja, fundi wa mitumbwi, kanionyesha video kwenye simu. Daktari Mzungu anasema maharage yana kitu kinaitwa lektini, kinatoboa utumbo, na hata ukiyapika hakitoki. Mteja huyo ana vidonda vya tumbo. Ameacha kula maharage kwangu na amewaambia na wenzake. Mimi naloweka usiku, asubuhi nachemsha kwa mkaa mpaka yaive. Siku mkaa ukiwa juu nayachemsha kidogo, kisha nayafunika kwenye lile kapu la kutunza joto yamalizikie humo. Je, nawalisha watu sumu? Na kama si usumbufu, binti yangu anampa mjukuu wangu wa miezi tisa uji wa unga wa lishe, ndani yake kuna maharage. Huo nao vipi?"

JIBU: Dada yangu, kwanza tuelewane, mimi si daktari, ni mtu wa lishe. Dawa za mteja wako siwezi kumwandikia, lakini sufuria yako naweza kuizungumzia. Na katika yote uliyouliza, lile ulilolitaja mwisho huku ukiomba radhi ndilo lililonishtua. Nitalifikia, ila tuanze na biashara.

Maharage uliyoyaloweka usiku kucha, ukamwaga yale maji, ukatia mengine, ukayachemsha juu ya mkaa yakitokota mpaka yakalainika, ni chakula salama. Endelea kuyauza. Anayesema lektini haitoki kwa kupika anasema jambo lililopimwa maabara mara nyingi na kuonekana si kweli. Lakini hakulitunga kutoka hewani. Lektini ipo, na kwenye maharage mabichi ni sumu hasa. Kwa hiyo sitakwambia "achana na mambo ya mitandaoni" halafu basi, kwa sababu katika maelezo yako kuna sehemu mbili ambako sumu hiyo inaweza kweli kupita.

Lektini ni protini za kwenye mimea, nyingi zikiwa kwenye mbegu, zenye tabia ya kunasa sukari zilizo juu ya ukuta wa seli. Ziko kwenye maharage, soya, ngano, nyanya, viazi, karibu kila kinachotoka shambani. Nyingi hazina neno. Ya kwanza kuchunguzwa ilikuwa miongoni mwa zilizo kali zaidi. Mwaka 1888, Hermann Stillmark, aliyekuwa akisomea udaktari mji wa Dorpat, ambao leo ni Tartu nchini Estonia, aliona kwamba kitu kilichotoka kwenye mbegu za nyonyo kinazifanya chembe nyekundu za damu zishikamane mabonge mabonge. Nyonyo unazijua, zinajiotea zenyewe kwenye viwanja visivyojengwa, na wazee walitukataza kuzitia mdomoni. Sumu ile inaitwa risini na inaua. Sasa mtu akisikia kwamba ya nyonyo ni lektini na ya maharage ni lektini, anaona ni kitu kimoja. Ni ukoo mmoja, lakini nguvu zake hazikaribiani hata kidogo.

Ya maharage inaitwa fitohemaglutinini. Ndiyo ile ile ambayo tangu 1960 wataalamu wa maabara huitumia kuamsha chembe nyeupe za damu zigawanyike, ili waweze kuzitazama kromosomu chini ya hadubini. Ukiila mbichi, haimeng'enywi kirahisi kama protini nyingine. Inafika utumbo mwembamba ikiwa bado nzima, inashika kwenye ukuta wake, na utumbo unakasirika.

Nguvu yake hupimwa kwa uwezo wa kugandisha chembe za damu. Maharage mekundu makubwa yakiwa mabichi hufika vipimo 20,000 hadi 70,000. Yakishaiva sawasawa hubaki 200 hadi 400, kiasi ambacho mwili hauna habari nacho. Maharage meupe ya jamii hiyo yana kama theluthi moja ya yale mekundu. Kiasi cha kuumiza nacho si kikubwa, punje nne au tano mbichi zinatosha kumwangusha mtu mzima. Kati ya saa moja na tatu baada ya kula anaanza kichefuchefu, anatapika sana, kisha tumbo linamkata na kuhara kunafuata. Kwa kawaida saa tatu nne baada ya kuanza, hali inatulia yenyewe. Ni mateso makali ya muda mfupi. Hakuna utumbo unaotobolewa kidogo kidogo kwa miaka huku mtu hajijui, kama video zinavyopenda kusema.

Tunayajua haya kwa sababu watu wameshaugua. Uingereza mwaka 1976 wavulana wa shule waliokuwa likizo walikula maharage mekundu yaliyolowekwa tu, hayakuwekwa motoni kabisa, na wote wakaugua. Baada ya hapo taarifa za namna hiyo zikaendelea kuripotiwa kwa miaka. Japani mwaka 2006 kipindi kimoja cha televisheni kiliwafundisha watu njia ya kupunguza mwili: kaanga maharage meupe dakika tatu, saga, nyunyizia kwenye wali. Mamia ya watazamaji walipatwa na kutapika na kuhara. Kumbuka hiyo ya Japani, dada, kwa sababu kukaanga na kusaga tutakutana nako tena mbele.

Hofu yenyewe ilipata miguu mwaka 2017, pale daktari mmoja wa Marekani, bingwa wa upasuaji wa moyo, alipotoa kitabu kinachozilaumu lektini kwa karibu kila maradhi. Majaribio ya panya yanayotajwa na watu wa mrengo huo mengi yalifanywa kwa kuwalisha maharage mabichi, au lektini iliyochujwa ikabaki peke yake. Hakuna mama lishe anayeuza hivyo. Na daktari huyo huyo anawaruhusu wafuasi wake kula maharage yaliyopikwa kwenye presha kuka. Maana yake anajua vizuri kwamba moto unaiondoa. Ana pia biashara ya virutubisho vya kukukinga na lektini, na hapo sina la kuongeza.

Wachache huwaambia watu upande wa pili wa maharage haya. Gramu 100 za maharage yaliyoiva, ambazo ni kama nusu ya bakuli unalompimia mteja, zina protini gramu nane hadi tisa, nyuzinyuzi gramu sita au saba, madini ya chuma, potasiamu na foleti ambayo mjamzito anaihitaji mno. Mwaka 2014 watafiti wa Kanada walijumlisha majaribio 26 yenye washiriki zaidi ya 1,000. Waliokula jamii ya kunde wastani wa gramu 130 kwa siku, lehemu (kolesteroli) mbaya kwenye damu yao ilishuka kwa karibu asilimia 5. Wote walikula zilizopikwa. Mtu mwenye kisukari anayekula pale kwako, sahani ya maharage mengi na wali kidogo inamfaa kuliko ya wali mwingi na mchuzi.

Sasa moto. Vitabu vya nje vinasema chemsha dakika kumi kwa nyuzijoto 100. Sisi tuko ukingoni mwa ziwa lililo mita 1,134 juu ya bahari, na kadiri unavyopanda, maji yanatokota kwa joto la chini. Hapa Mwanza yanatokota yakiwa nyuzi 96 hivi, na hata ukiongeza mkaa hayapandi zaidi, yanaishia kuwa mvuke tu. Ndiyo maana mimi sitoi ushauri wa dakika kumi. Nasema nusu saa nzima ya kutokota kwa nguvu, ukihesabu kuanzia mapovu makubwa yanapoanza kugeuza punje juu chini, na si kuanzia ulipobandika. Lakini wewe huna sababu ya kushika saa. Maharage makavu ya Karagwe au Kasulu, hata yakiwa mapya, hayalainiki kwa nusu saa juu ya mkaa. Yanakula saa moja na nusu, yakiwa ya msimu uliopita hata mbili na nusu. Mpaka mteja ayakubali mdomoni, lektini imeshakwisha zamani. Kwenye presha kuka joto linapita nyuzi 110, huko hata mjadala hakuna.

Kipimo changu ni kidole. Toa punje tano sehemu mbalimbali za sufuria, si zote za juu, bana kila moja kati ya dole gumba na cha shahada. Iliyoiva inasagika yote kama siagi na ganda linabaki mkononi. Ambayo bado, utaona katikati kiini cheupe kama chaki, kinakwaruza. Kama hata moja kati ya hizo tano ina chaki, rudisha mfuniko. Maharage yaliyokaa sana ghalani kwenye joto huwa magumu sugu, na ukichanganya ya zamani na mapya utapata sufuria moja yenye punje zilizopondeka na nyingine zinazogonga meno. Usichanganye, hata muuzaji akikupunguzia bei.

Kapu lako ndilo sehemu ya kwanza ya hatari. Silipondi. Ni chombo kizuri, na kwa bei ya mkaa ilivyo namwelewa kila anayelitumia. Ila uliandika "nayachemsha kidogo", na hicho kidogo ndicho kinachonisumbua. Kapu halipiki kwa moto. Linachelewesha tu joto lisitoroke. Sufuria inaingia na nyuzi tisini na kitu, na kuanzia dakika ile inashuka, 85, 80, 75. Katika joto hilo maharage yanaendelea kulainika, lakini lektini iliyoingia nzima inabaki nzima. Tena imeripotiwa kwamba maharage yaliyopashwa mpaka nyuzi 80 hivi bila kutokota yanaweza kupima sumu hadi mara tano ya yale mabichi kabisa. Yanakuwa laini kiasi cha kuliwa, na bado yana sumu. Ndiyo sababu huko nje wanaotumia yale majiko ya umeme ya kuchemsha polepole huonywa wayatokose kwanza maharage yao kwenye sufuria ya kawaida.

Kwa hiyo fanya hivi. Loweka usiku, au angalau saa tano, mwaga maji, suuza. Bandika na maji mapya, yakishaanza kutokota kwa nguvu yaache hivyo nusu saa, nami ningependa ufike dakika arobaini. Hapo hapo, sufuria ikiwa bado inatokota, funika na uitumbukize kapuni, usiichungulie. Ukiitoa, bandika tena itokote dakika kumi ndipo uunge. Mkaa utakaotumia bado ni nusu ya ule wa siku zote au pungufu. Pika pia sufuria kubwa iliyojaa, maana sufuria ndogo inapoa upesi.

Magadi: yanalainisha haraka, ni kweli, lakini yanaua vitamini B1 na kuongeza sodiamu, na kati ya wateja wako hawakosi wenye presha. Ukiloweka vizuri huyahitaji. Na kuna wanaotumbukiza vidonge vya parasetamo ili maharage yaive upesi. Sisemi wewe, nasema kwa sababu yanazungumzwa. Dawa ile haiyeyuki ikapotea, inaliwa na mteja ambaye pengine ameshameza vyake viwili asubuhi, na ikizidi ni ini linaloumia.

Tuje kwa fundi wako wa mitumbwi. Vidonda vya tumbo kwa sehemu kubwa husababishwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, au na kumeza mara kwa mara dawa za maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni na aspirini. Maharage hayaleti kidonda. Anayeinama juu ya mbao kutwa nzima, mgongo unamuuma, anapita duka la dawa ananunua diklofenaki, anameza bila chakula, jioni tumbo linawaka, analaumu maharage ya mchana. Mwulize kwa upole kama ndivyo. Akapimwe bakteria huyo hospitali, anatibika kwa dawa za kufuata ratiba. Kama maharage yanamjaza tumbo na kumtia kiungulia, apunguze, hiyo ni haki yake, kila tumbo na mwenyewe.

Kujaa huko kwa gesi nako si lektini. Ni sukari mbili, rafinosi na stakiosi, ambazo hatuna kimeng'enya cha kuzivunja, zinafika utumbo mpana na bakteria wanazichachusha. Sehemu yake inatoka na maji ya kuloweka, ndiyo maana nakusisitiza uyamwage. Asiyezoea maharage akila kila siku kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, mara nyingi tumbo linatulia.

Ungeniuliza mimi ni nini kwenye maharage ya mama lishe kinachowapeleka watu chooni, ningesema kiporo kabla ya lektini. Maharage yaliyobaki saa kumi jioni, yakaachwa kwenye sufuria mpaka asubuhi kwa joto la Mwanza, ni malisho ya bakteria. Baadhi yao huacha sumu ambayo kuyatokosa tena hakuiondoi. Yasizidi saa mbili nje bila moto. Yagawe kwenye vyombo vipana yapoe haraka, yaingie kwenye friji, na kesho yatokote barabara kabla ya kuuzwa. Huna friji, pika kiasi cha siku. Na mtu akianza kuharisha maji mengi meupe kama ya kuoshea mchele, msipoteze muda kuilaumu lektini. Huenda ni kipindupindu, na sisi wa kandokando ya ziwa tunaujua ugonjwa huo, akimbizwe kituo cha afya.

Sasa mjukuu.

Nenda mashine yoyote ya kusaga, Igoma, Buhongwa, Nyakato, utamkuta mama na ndoo yake ya "lishe". Ukichungulia ndani unaona mahindi, ulezi, mtama, mchele, ngano, karanga, soya, na katikati yake maharage ya madoadoa, makavu, yanang'aa kama yalivyotoka sokoni. Yanamwagwa yote kwenye mdomo wa mashine. Anayejitahidi zaidi ameyakaanga kidogo kwanza yanukie. Unga unatoka mzuri, una harufu ya karanga, na mtoto anapikiwa uji wa dakika kumi.

Hapo ndipo ninapotaka video zielekezwe. Maharage mabichi yaliyosagwa ni maharage mabichi. Kuyakaanga juu juu hakutoshi, na wale watazamaji wa Japani walilipia somo hilo. Joto kavu haliivunji lektini kama linavyofanya joto la maji, na punje kavu inaungua nje kabla ndani haijapata moto. Na uji nao una tabia yake. Ukishakuwa mzito unatoa povu moja moja linalopasuka na kuturukia mkononi, tunadhani umetokota, kumbe joto halijaenea sawa na mama ameshapunguza moto usiungue chini. Jambo hili limechunguzwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 1972 kuhusu vyakula vya kuwaanzishia watoto, vilivyochanganywa unga wa maharage na wa nafaka, ulionyesha kwamba kwa upishi wa kawaida wa nyumbani lektini haikuisha kila mara. Ongeza hapo nyuzi zetu 96.

Mtu mzima akiugua anakwambia tumbo linaniuma. Wa miezi tisa anatapika tu, na sisi tunasema ni meno.

Mwulize binti yako swali moja: maharage yaliingia mashineni yakiwa yamepikwa au hayajapikwa? Kama hayakupikwa, au yalikaangwa tu, unga huo asipewe mtoto tena. Najua ni hela imemwagika. Usiwape hata vifaranga, maharage mabichi huwadumaza nao. Sina njia ya kuuokoa ninayoweza kuitetea mbele ya mtoto mchanga.

Wenzetu wa Ukerewe hawahitaji somo hili kwenye mihogo. Muhogo mchungu haupelekwi mashineni siku uliyong'olewa. Unavundikwa, unaanikwa, unakuwa udaga, ndipo unasagwa, na kila mtoto wa kule anajua kwa nini. Maharage yanataka heshima hiyo hiyo: yachambue, yaloweke usiku, mwaga maji, yachemshe mpaka yaive kabisa kwa kile kipimo cha kidole, yachuje, uyaanike kwenye chanja au turubai safi, ukiyafunika kwa chandarua kwa ajili ya nzi. Jua la hapa siku mbili tatu linatosha, mpaka punje ivunjike kwa mlio. Hapo ndipo yaende mashineni. Soya nayo vivyo hivyo, ina lektini yake na pia protini zinazozuia mwili kumeng'enya protini nyingine, lazima ipitie maji yanayotokota.

Lakini kwa nini ahangaike hivyo? Mimi si mshabiki wa unga wa vitu kumi. Mchanganyiko mrefu haumpi mtoto kitu ambacho chakula cha kawaida hakimpi, na kila kinachoongezwa kinaongeza mlango wa matatizo. Karanga na mahindi yaliyopata unyevu yanabeba sumukuvu, ambayo kupika hakuiondoi. Mwaka 2016 iliua watu 20 Dodoma na Manyara. Kwa kweli hiyo inaninyima usingizi kuliko lektini, kwa sababu lektini naijua dawa yake, ni maji yanayotokota.

Mtoto wa miezi tisa anaweza kula maharage ya nyumbani. Teka upawa mmoja kwenye sufuria ya familia kabla ya chumvi na pilipili, ponda, pitisha kwenye chujio maganda yabaki, changanya na kiazi kitamu, ndizi au ugali laini, tia tone la mafuta. Pembeni kipande cha papai au maji ya chungwa, yanausaidia mwili kufyonza chuma cha maharage. Chai asipewe, inafanya kinyume. Siku nyingine weka unga wa dagaa kwenye uji wa mahindi au ulezi, kijiko kimoja, ila wawe dagaa waliokaushwa juu ya chanja, kwa sababu wa kwenye mchanga utausikia ukikwaruza hata baada ya kuwaosha mara nne. Ziwa la mama liendelee mpaka miaka miwili, na chakula mara tatu mpaka nne kwa siku.

Kama mjukuu amekuwa akitapika saa moja au mbili baada ya uji huo, sitisha uji na umtazame siku chache. Kama anaharisha pia, mpe maji ya chumvichumvi ya pakiti kidogo kidogo kwa kijiko. Akikataa kunyonya, macho yakiingia ndani, akilegea, au damu ikionekana kwenye choo, msisubiri asubuhi. Hata akiwa mzima, binti aende na kadi ya kliniki mwezi huu, wamwonyeshe mstari wa uzito. Ukiwa umelala bapa tangu alipoanza uji wa lishe, awaeleze wazi unga ulikuwa na nini, na ulitengenezwaje.